Kesi ya Jirani ni ya Nani?

Liko swali ambalo kwa muda mrefu limekuwa likizunguka katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti, nalo husemwa zaidi mnadani na nje ya kanisa baada ya ibada kuliko katika mikutano rasmi. Swali lenyewe ni hili: Mtu ambaye hakunyang'anywa shamba, hakuchomewa nyumba wala hakupigwa, anayo haki gani ya kwenda mahakamani kwa ajili ya yule aliyetendewa hayo? Je, huo ni upendo wa jirani, au ni kujiingiza katika mambo yasiyomhusu?

Twaliuliza kwa sababu wapo watu ambao kazi yao yote ni hiyo. Mwaka 1969 walimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliunda kamati ya kuwasaidia watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Baadaye vikaja vyama na vituo vingine, mathalani timu ya wanasheria wa mazingira iitwayo LEAT, iliyoanzishwa 1994, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoanzishwa 1995. Vituo vya namna hii havifanyi biashara. Mwananchi haulizwi ada, na mara nyingi huchaguliwa shauri ambalo hukumu yake itawagusa watu wengi kuliko wale waliotajwa katika hati. Vituo hivyo vimefika mpaka kwetu, na maneno ya watu juu yake hayafanani. Wengine huwaita wakombozi, na wengine huwaita wachochezi. Yafaa tulipime jambo hili kwa utulivu, kama tulivyozoea kuwafundisha vijana wetu wa ualimu: kwanza usikie hoja ya anayepinga, tena uisikie katika nguvu yake yote, ndipo useme yako.

Anayepinga ana hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wakili atokaye Dar es Salaam huja na gari, huandika majina, hupiga picha, kisha huondoka. Kesi ikiharibika yeye yuko kwake mbali, bali mwananchi anabaki na afisa yule yule aliyemshitaki, na mwenyekiti yule yule wa kijiji, na kisima kile kile. Hoja ya pili imo katika mithali tunayoijua sote, kwamba wagombanapo ndugu, chukua jembe ukalime. Mahakama huwa na mshindi na mshindwa, nao wote wawili watarudi kuishi katika kijiji kimoja. Hoja ya tatu ni ya fedha. Vituo vingi huendeshwa kwa misaada ya wafadhili wa nchi za nje, na watu huuliza kama mlipaji ndiye achaguaye wimbo.

Hoja hizi si za kipuuzi, nasi tutazirudia. Lakini kabla ya kuzijibu, hatuna budi kutazama jinsi wazee wetu walivyolijibu swali lenyewe, maana wengi husema kwamba kushitaki kwa ajili ya mwingine ni jambo la kigeni. La hasha. Katika mila za Wakurya mtu hakuachwa peke yake katika shauri lake. Aliyeibiwa ng'ombe alikuwa ameibiwa pamoja na ukoo wake, na shauri lilipofika kwenye iritongo, yaani baraza la watu wote, walisimama ndugu zake kusema. Mjane alisemewa na shemeji zake. Mtoto alisemewa na baba au mjomba. Hakuna aliyewauliza watu hao, "Wewe umeumia wapi?" Ilijulikana kwamba wameumia, kwa kuwa wa kwao ameumia.

Basi ugomvi wetu si juu ya kumsemea mwingine. Jambo hilo tulikwisha kulikubali zamani. Tunabishana juu ya mpaka tu: huyu "mwenzetu" anaishia wapi? Anaishia kwenye ukoo, au kwenye kijiji, au kwenye kabila, au anavuka yote hayo?

Tukiutazama mpaka huo wa ukoo twaona unaacha mapengo matatu. Pengo la kwanza ni pale mshitakiwa anapokuwa na nguvu kuliko ukoo wote, kama dola. Pengo la pili ni pale mshitakiwa asipokuwa na ukoo wala uso, kama kampuni kubwa ambayo wenye mali yake wako ng'ambo. Pengo la tatu ndilo chungu kuliko yote, nalo ni pale anayemdhuru mtu anapokuwa ni ukoo wake mwenyewe. Hapo yule aliyepaswa kumsemea ndiye aliyemshika mikono. Wilaya zetu mbili zimeyaona mapengo hayo yote matatu, nasi tutayapitia moja moja.

Tuanze na la dola. Mwezi wa Oktoba 2001, katika Wilaya ya Serengeti, wananchi wa Nyamuma waliokuwa wakiishi jirani na Pori la Akiba la Ikorongo walihamishwa kwa nguvu. Nyumba zilichomwa moto, na mali za watu zikapotea. Kwa upande wa Serikali hoja ilikuwa ni uhifadhi wa wanyama. Kwa upande wa wananchi hapo palikuwa ni kwao, pana mashamba na makaburi yao. Hatuandiki haya ili kubishana kama hifadhi ni jambo jema. Sisi wakazi wa Serengeti twajua faida ya hifadhi, na twajua pia hasara ya tembo shambani. Tunauliza jambo dogo zaidi: hata kama mtu ametakiwa kuhama, je, anapaswa kuhamishwa kwa kiberiti?

Sasa mfikirie mkulima mmoja wa Nyamuma siku ile. Angemshitaki nani? Mkuu wa Wilaya na mkuu wa polisi wa wilaya? Angeandikiwa hati na nani? Zamani hizo Mahakama Kuu kwa watu wa Mara ilikuwa Mwanza, na lugha ya hukumu ilikuwa Kiingereza. Sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama ilipitishwa mwaka 2021. Ukoo wake nao ungemsaidia nini, wakati ukoo mzima ulikuwa umelala nje? Hapa ndipo msemo wa mnyonge hana haki unapoonekana kuwa kama sheria ya nchi.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilisimama pamoja na walalamikaji 135, na shauri likapelekwa mbele ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, chombo kipya wakati ule, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Tume iliwasikiliza watu, na mwaka 2004 ikaona kwamba haki za wananchi wale zilivunjwa, ikapendekeza walipwe fidia. Serikali haikukubaliana na mapendekezo hayo. Tume kwa sheria yake hupendekeza tu. Haina askari wa kukazia neno lake. Kituo kikaenda Mahakama Kuu, Kitengo cha Ardhi, kikashindwa. Kikakata rufani. Katika Rufaa ya Madai Namba 88 ya mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba mapendekezo ya Tume yaweza kukaziwa na mahakama.

Msomaji, simama hapa kidogo upime uzito wa neno hilo. Kama mapendekezo ya Tume yangekuwa ni ushauri mtupu, basi kila mnyonge wa nchi hii ambaye angepeleka malalamiko yake huko angekuwa anapeleka barua kwa upepo. Watu wa Nyamuma, waliokuwa wakidai nyumba na mashamba yao, wakawa wamefungua mlango kwa watu wa mikoa mingine wasiowajua. Hiyo ndiyo maana ya shauri la manufaa ya umma. Shauri kama hilo lilikuwa limekwisha kuonekana mwaka 1994, pale Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilipoamua katika shauri la mzee Lohay Akonaay na mwanawe kwamba haki ya mtu juu ya ardhi aliyoipata kwa mila ni mali inayolindwa na Katiba. Watu wawili walidai shamba moja, na kila mkulima wa jembe la mkono nchini akawa amepata ngao.

Lakini hadithi ya Nyamuma ina upande mwingine, nao watupasa kuutaja. Shauri lilipofika Mahakama ya Rufani, kichwa chake kilikuwa na jina la Kituo upande mmoja, na upande wa pili jina la aliyekuwa Mkuu wa Wilaya na wenzake wanne. Yale majina ya wananchi hayakuwapo tena pale juu. Wanasheria watatuambia kwamba huo ni utaratibu tu, nasi twakubali. Hata hivyo ni picha ya hatari inayowakabili wote wanaomsemea mwingine. Shauri huanza kwa kilio cha mtu, likaendelea kwa hoja za mawakili, na mwishoni likawa namba. Wanafunzi wa sheria huijua Namba 88. Je, humjua mama aliyepoteza ghala la mtama wake? Na miaka ikipita kati ya moto na hukumu, mtoto aliyezaliwa mwaka wa moto huanza shule na kuimaliza. Haki iliyoandikwa vizuri katika vitabu haimwezeki mama huyo mabati.

Twende kwenye pengo la pili, la kampuni. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002 kule Nyamongo, Wilaya ya Tarime. Tangu hapo pamekuwa na ugomvi kati ya mgodi na vijiji vinavyouzunguka: juu ya ardhi, juu ya maji, na juu ya vijana wanaoingia kuokota mawe yenye dhahabu. Tarehe 16 Mei 2011 polisi waliwapiga watu risasi mgodini hapo, na watu watano wakafa. Mwaka 2013 baadhi ya wananchi, wakisaidiwa na mawakili wa Uingereza, waliishitaki kampuni hiyo huko London, ambako iliandikishwa. Mwaka 2015 shauri hilo lilimalizwa kwa mapatano nje ya mahakama, na masharti ya mapatano hayakutangazwa. Mwaka 2022 wananchi wengine walifungua shauri nchini Kanada dhidi ya Barrick, ambao ndio wenye hisa nyingi katika mgodi, na mwezi wa Novemba 2024 mahakama ya Ontario ikasema haina mamlaka ya kulisikiliza.

Hapa liko fumbo la maadili ambalo twapenda msomaji alitafakari. Mchukulie kijana aliyepigwa risasi, ana mke na watoto, hawezi tena kushika jembe. Kampuni inamwambia, "Tutakulipa, lakini tuyamalize kimya kimya." Wakili wa manufaa ya umma angependa shauri lisikilizwe mpaka mwisho, ili ukweli utajwe hadharani na jaji aweke kanuni itakayowalinda wengine. Kijana anataka dawa na ada za shule. Nani asikilizwe?

Wako wanaosema kwamba kijana akubali kuumia ili watu elfu wapone. Sisi hatukubaliani nao. Mtu aliyekwisha kutumiwa na wenye nguvu kama kitu asije akatumiwa tena na watetezi wake kama ngazi, hata kama ngazi hiyo inapanda kwenye jambo jema. Kidonda ni chake, na uamuzi wa kupatana au kuendelea ni wake. Lakini pia hatukubaliani na wale wasemao kwamba akiisha kulipwa, mambo yamekwisha. Mapatano ya siri hufunga kinywa cha aliyelipwa, hayafungi cha jirani yake. Ndiyo sababu vituo hivi hufanya kazi nyingine isiyoonekana mahakamani: kuandika taarifa za mwaka za haki za binadamu, kukusanya ushahidi, na kuwaeleza wananchi maana ya karatasi wanayotakiwa kutia sahihi. Watetezi wa haki kutoka nchi za nje walikwisha kulalamika, miaka ile ya mashauri ya London, kwamba waliolipwa na mgodi kwa njia ya malalamiko ya ndani walitakiwa kusaini kwamba hawatashitaki tena. Mtu anayetia dole gumba bila kusomewa anakuwa ameuza asichokijua. Kumsomea tu, kwa lugha anayoielewa, ni utetezi wa kutosha kumstahilia mtu heshima.

Sasa tufike kwenye pengo la tatu, ambalo laingia ndani ya nyumba zetu wenyewe. Wasomaji wa Tarime na Serengeti hawahitaji kuelezwa mwezi wa Desemba una maana gani kwa msichana katika mwaka wa kutahiri. Shule zimefungwa, inchama imekwisha kutoa ruhusa, nguo zimenunuliwa, na ng'ombe wamehesabiwa kichwani kabla ya kuhesabiwa zizini. Sheria ya nchi imekwisha kusema. Tangu mwaka 1998, kumkeketa msichana aliye chini ya miaka kumi na minane ni kosa la jinai lenye kifungo kisichopungua miaka 5. Lakini mtoto wa miaka kumi na miwili atamshitaki nani? Mshitakiwa ni baba, shahidi ni shangazi, na mzee wa baraza ni babu. Iritongo yote ni upande mmoja.

Kwa watoto hao, jirani asiye wa ukoo ndiye aliyebaki. Masista na walezi wa Masanga huko Tarime wamewapokea wasichana waliokimbia. Mwaka 2014 Dayosisi yetu ya Mara ilifungua Nyumba Salama Mugumu, kazi iliyoongozwa na mama Rhobi Samwelly, ambaye baadaye aliendeleza huduma hiyo katika shirika la Hope for Girls and Women. Twaitaja nyumba hiyo kwa sababu ya jambo moja tulilojifunza kutokana na utaratibu wake. Msichana akipokelewa, polisi na ustawi wa jamii hujulishwa. Sheria ipo mlangoni. Lakini kazi haiishii kwenye kumfunga baba. Wazazi huitwa, huzungumzwa nao, na yule anayekubali hutia sahihi kwamba hatamkeketa mwanawe, ndipo mtoto arudi nyumbani. Asiyekubali, mtoto habanduki. Basi wale wanaosema kwamba sheria huvunja undugu na watazame hapo. Bila sheria mlangoni, baba asingekaa mezani kuzungumza. Na bila mazungumzo, mtoto angeshinda kesi na kupoteza kwao.

Hili latupa jibu la ile hoja ya pili tuliyoiacha, ya ndugu wanaogombana. Mithali ya kuchukua jembe ni nzuri pale ndugu wawili wanapolingana nguvu. Wakitoshana, watapatana wenyewe, nawe usijitie katikati. Lakini mmoja akiwa amemkalia mwenziwe kifuani, anayechukua jembe na kwenda shambani hakukwepa ugomvi. Amechagua upande. Sisi walimu tulikuwa tukiliona hili darasani. Mkubwa akinyang'anya kalamu ya mdogo, darasa zima likatazama madaftari yao likisema "si yangu," kimya hicho hakikuwa cha amani. Kilikuwa ni msaada kwa mnyang'anyi. Na wale wenye kusoma Maandiko wanajua kwamba shamba la mizabibu la Nabothi halikuchukuliwa na Ahabu na Yezebeli peke yao. Lilihitaji wazee wa mji waliotii barua, na mji uliotazama.

Hoja ya kwanza, ya kitanda na kunguni, tunaipokea zaidi kuliko kuijibu. Ni kweli mgeni hajui kunguni. Ndiyo maana hapaswi kuja kama mwenye kitanda. Na hoja ya fedha yastahili jibu fupi: fedha ya nje haiufanyi uongo kuwa kweli, wala kweli kuwa uongo. Nyumba ya Nyamuma iliyoungua iliungua, yeyote aliyelipa nauli ya wakili. Lakini kituo kinachodai uwazi kwa Serikali na kampuni sharti nacho kionyeshe hesabu zake, na kisiache shauri la mjane mmoja wa Nyamwaga kwa sababu tu halipendezi katika taarifa ya mfadhili.

Sheria yetu yenyewe imeyumba katika swali hili, jambo linaloonyesha ugumu wake. Katiba, katika ibara ya 26, inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba na sheria za nchi. Mwaka 1994, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kule Dodoma, Jaji Kahwa Lugakingira aliupanua mlango huo. Alieleza kwamba katika nchi ambayo watu wengi ni maskini na hawazijui haki zao, mahakama isiwafukuze wanaokuja kwa nia njema kulitetea jambo la umma. Mwaka 2020 Bunge likaurudisha mlango nusu: sheria ya kutekeleza haki za msingi ikarekebishwa, na anayeshitaki akatakiwa kuonyesha kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoguswa.

Waliotetea badiliko hilo walisema kwamba mahakama si uwanja wa kila mwenye kutaka jina. Wana ukweli kidogo. Lakini tukiirudia ile mifano yetu mitatu twaona ni nani anayeachwa nje. Mwenye nyumba iliyochomwa aweza kuguswa asiweze kuandika. Aliyelipwa kimya aweza kuguswa asiruhusiwe kusema. Mtoto aweza kuguswa asithubutu. Sheria inayomtaka kila aliyeguswa aje mwenyewe inadhani kwamba aliyeumia zaidi ndiye mwenye sauti kubwa zaidi. Maisha yametufundisha kinyume chake. Na hata neno lenyewe "kuguswa" lataka kufikiriwa. Ukiona mwenzio ananyolewa, wewe zako tia maji. Wazee waliotuachia maneno hayo walijua kwamba wembe ukiisha kuzoea kichwa cha jirani hausahau njia ya kwako.

Basi, kesi ya jirani ni ya nani? Sisi twajibu hivi: ni yake kwanza, kisha ni yetu. Vyote viwili, na kwa mpangilio huo. Anayesahau "kisha ni yetu" anamwacha mnyonge peke yake mbele ya dola, kampuni au ukoo. Anayesahau "ni yake kwanza" anamgeuza mnyonge kuwa namba ya shauri.

Kutokana na jibu hilo twapata mizani ya kumpima kila anayekuja kututetea, awe wakili, mchungaji, mwanasiasa au sisi wenyewe. Je, amemwomba ruhusa mwenye kidonda, na kumweleza kweli kwamba kesi yaweza kuchukua miaka na yaweza kushindwa? Je, kila hatua mwenye kidonda anaijua, au hukutana nayo redioni? Na baada ya hukumu, je, yupo? Maana hukumu ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuifanya itekelezwe, na huko hakuna waandishi wa habari.

Lakini mizani hiyo hiyo yatugeukia na sisi tusio mawakili. Wakili hawezi kukaa Nyamuma au Nyamongo siku zote. Anayekaa ni jirani. Mashauri mengi ya wanyonge hufia kwetu kabla hayajafia mahakamani: shahidi aliyeona anasema hakuona, mwenye kujua kusoma hasomi barua ya jirani yake, na karatasi ya mipaka ya shamba imeliwa na mchwa. Tangu mwaka 2017 iko Sheria ya Msaada wa Kisheria, inayowatambua wasaidizi wa kisheria wasio mawakili, watu wa kawaida waliofundishwa na kuandikishwa. Vijana wetu waliomaliza kidato cha nne, ambao hukaa bila kazi, wangeweza kuifanya huduma hiyo. Walimu wastaafu nao wanaweza. Kusoma hati, kuandika tarehe na jina la afisa, kumsindikiza mjane mpaka baraza la ardhi la kata, kukubali kuitwa shahidi: hayo yote hayahitaji joho jeusi.

Twawaomba ndugu wa parokia zetu za Tarime na Serengeti walizungumze jambo hili katika jumuiya zao kabla ya Desemba nyingine haijafika. Wasiulize tu kama mawakili wa mjini wana haki ya kuja kwetu. Waulize pia, wakati wakili anapokuja na kutafuta mtu aliyeona, ni nyumba ngapi katika kijiji chetu zitafungua mlango.